Fundo la Kwanza

Mume wangu aliniacha kwa sababu ya chumvi. Nasema mapema ili asije mtu akakaa anangoja sababu kubwa kuliko hiyo, maana haipo. Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini Mfungo Mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, nami nimefunga, namalizia zile sita za sunna. Nilipika mchuzi wa samaki changu na sikuuonja. Wapo wanaosema mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, lakini mimi mambo hayo yananitia wasiwasi tangu utoto. Magharibi ilipoadhiniwa nikafuturu kwa tende, Zahor akatia tonge la kwanza mdomoni, akalitema ndani ya sinia. Akasema nataka kumuua. Nikamwambia mtu hafi kwa chumvi, hufa kwa kisirani. Akanitamkia talaka hapo hapo, mkono wake bado una wali.

Tangu siku hiyo, kila aliyemuuliza alimsimulia habari ya chumvi. Aliisimulia barazani, aliisimulia msikitini watu wakivaa viatu, na kila akiisimulia chumvi inazidi. Aliipenda hadithi ile kuliko alivyopata kunipenda mimi.

Ilikuwa talaka ya pili. Mwanamke aliyeachwa talaka ya kwanza au ya pili hukaa eda ndani ya nyumba ya mume, twahara tatu, zile siku safi baina ya hedhi na hedhi, na muda wote huo mume ana haki ya kumrejea. Hamuulizi. Haji na posa wala mahari. Anasema neno moja tu, nimekurejea, na mambo yanarudi yalivyokuwa. Mara ya kwanza, miaka minne nyuma, alilisema neno hilo mlangoni mwa jiko, nami nakosha masufuria. Kisha akaenda kulala. Nilibaki na sufuria mkononi, bomba linamwaga maji.

Safari hii nilitaka eda iishe kabla hajalisema. Sikutaka kitu kingine duniani. Eda ikishapita neno lake halina kazi tena. Itambidi aje kuposa upya, nami nitakuwa na ulimi wangu wa kusema sitaki.

Nyumba iko Sokomuhogo, ghorofa ya pili, vidato ishirini vya ngazi kutoka mlango wa chini. Zahor alihamia Chukwani kwa mke mwenzangu, Ulfat, akaniacha peke yangu na vyumba vitatu, friji, na saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika kumi. Mlango hakuufunga. Hakuwa na haja. Mwanamke aliye edani akionekana njiani bila ya dharura, mtaa mzima unajua kabla hajafika dukani. Kaka yangu Jecha, anayefanya kazi kwenye shamba la serikali Kizimbani, aliniambia kwa simu, "Siku eda ikisha nipigie, nnakuja kukuchukua siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya hapo, dada'angu, siwezi kukutoa ndani ya nyumba ya mtu."

Kila Ijumaa baada ya sala Zahor alileta kikapu cha mahitaji. Alikiweka chini ya ngazi, hapandi, kwa kuwa alisikia haifai kukaa faragha na mtalaka wake. Dini yake yote aliikusanya kwenye vile vidato ishirini. Akisha kuweka kikapu, huniita.

"Rukaiya!"

"Naam."

"Ushajifunza?"

Alikuwa na maana ya adabu. Mimi nilijibu, "Nnajifunza," kwa sababu ukimjibu hivyo huondoka upesi.

Mvua za masika zilipita mimi nazisikia kwenye bati tu. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nilipanga vikombe kwa ukubwa, halafu kwa rangi, halafu nikavirudisha kwa ukubwa. Wiki ya tatu nikaanza kuzungumza na friji. Sikuwa nikilalamika, nilikuwa nikilieleza mambo, nikinyamaza kidogo ili na lenyewe lipate nafasi.

Dirisha la chumba changu linatazamana na dirisha la Bi Dalal, na kichochoro kilicho katikati ni chembamba, nikinyoosha mkono na yeye akanyoosha wake tunapeana limau. Bi Dalal ni mjane wa miaka sitini na kitu. Magoti yake mabovu, hashuki ila kwa harusi au msiba. Mkate huununua kwa kikapu anachokishusha kwa kamba, na kutwa hukaa dirishani akifuma vitambaa vya kroshia: vya meza, vya kochi, vya televisheni, vya kufunikia jagi. Tulikuwa majirani miaka sita na sikuwahi kupanda kwake hata mara moja. Zahor hakupenda nipande kwa watu.

"Wewe binti," aliniambia asubuhi moja, "unazungumza na nani humo ndani?"

"Shikamoo, Bi Dalal. Na friji."

"Marahaba. Linakujibu?"

"Linanguruma tu."

"Basi afadhali yake." Akanirushia donge la uzi mweupe lililochomekwa sindano ya kroshia, ile yenye kichwa kama ndoana. "Shika. Utaingia wazimu ukikaa mikono mitupu. Uzi nimekupa. Sindano ni yangu, nnaitaka."

Somo la kwanza lilikuwa kitanzi. La pili, mnyororo. Nilicheka mpaka akanikasirikia.

"Unacheka nini?"

"Bi Dalal, kitanzi na mnyororo mie ninavyo. Nifunze kitu kingine."

"Bila ya mnyororo huna pa kusimamia," alisema, na wala hakutabasamu. "Tia kitanzi. Vuta uzi upite ndani yake. Tena. Tena. Kitanzi kilichoko kwenye sindano usikihesabu, hicho bado hakijawa kitu."

Niliitazama mikono yake ng'ambo ya kichochoro nikaiiga. Mkono wake wenye sindano ulikuwa upande wa msikiti, na mimi nikaishika sindano kwa mkono wa upande wa msikiti. Nilihangaika siku tisa. Uzi ulinikimbia, sindano ilinidondoka, maumivu yalinipanda kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. Siku ya kumi Bi Dalal akavaa miwani yake ya mbali.

"Ngoja kwanza. Mkono gani huo?"

Nikautazama. Ulikuwa wa kushoto.

"Siku zote hizi wafuma kwa shoto! Na kula unakula kwa huo?"

"Nimekuiga wewe."

"Mie nimekukabili, mwanangu. Kulia kwangu kuko kushotoni kwako. Geuza."

Niligeuza, nikaanza upya, na siku ile nililia. Nililia kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na Bi Dalal akaendelea kufuma mpaka nilipomaliza. Iliniuma kwamba hata kosa nililifanya kwa bidii kubwa namna ile. Miaka tisa ya ndoa nilikuwa nimeifanya hivyo hivyo.

Baada ya mnyororo likaja fundo fupi. Bi Dalal alilisomesha kwa maneno manne, na kwa wiki nzima kichochoro chetu kilisikia hayo tu: ingia, kamata, vuta, toka. Unaingiza sindano kwenye tundu, unakamata uzi, unauvuta, halafu unatoka kupitia vitanzi viwili kwa pamoja. Kuingia niliweza. Kukamata niliweza. Kwenye kutoka, sindano ilikwama.

"Unakaza mno," alisema. "Uzi umekukosea nini?"

"Sio uzi."

"Basi aliyekukosea mkaze yeye. Uzi uache."

Iddi kubwa ilinikuta ndani. Watoto walipita chini na viatu vipya, nikasikia vinavyogonga mawe, nikasikia harufu ya mitai inayokaangwa kwa jirani wa chini. Nilivaa dera langu la Iddi nikakaa kwenye kiti nikafuma. Hakuna aliyenibisha hodi, maana watu hawajui wamwambie nini mwanamke wa aina yangu: si mke, si mjane, si huru.

Ijumaa ya tarehe tisa Mfungo Nne, Zahor hakuniuliza kama nimejifunza. Alisimama chini ya ngazi akanitangazia.

"Miezi mitatu inatimia Jumanne ya tarehe ishirini," alisema. "Ijumaa ijayo baada ya sala nnakuja na mashahidi wawili, nnakurejea. Mara ile kakako aliniuliza, shahidi nani? Safari hii nnakuja nao. Ningeweza kukurejea siku ya pili yake, unajua? Nimekuacha uinywe dawa mpaka tone la mwisho."

"Nimesikia," nilisema.

Nilikwenda kukaa kitandani nikahesabu. Mimi ni mtu wa Jumatatu. Siku zangu huja Jumatatu, kila wiki ya nne, bila kukosea. Hedhi ya kwanza baada ya talaka ilikuja tarehe ishirini na nne Mfungo Mosi, siku nne baada ya chumvi. Kutoka hapo ndipo nilipoanza kuhesabu twahara zangu: ya kwanza ni iliyofuata hedhi ile, kisha ya pili, na sasa nilikuwa ndani ya ya tatu. Nayo itakwisha hedhi itakapoingia, Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Yeye anakuja Ijumaa ya tarehe kumi na sita. Alikuwa ananitangulia kwa siku tatu, na wala mwenyewe hakujua, maana alikuwa akihesabu kwa kalenda ya ukutani.

Nilikunywa tangawizi mpaka koo likawaka. Nilikunywa mdalasini. Nilipanda na kushuka juu ya kochi mara mia, nikapumzika, nikarudia mara mia nyingine. Nilimwomba Mungu siku zangu ziwahi, siku tatu tu, hata mbili na nusu. Mwili wangu haujapata kuchelewa maishani, na sasa ukakataa kuwahi. Nilikuwa na hofu ambayo haikuniacha hata nikiwa ninapiga mswaki. Nililiona lile neno likipanda ngazi, kidato kwa kidato, nami sina mlango wa nyuma.

Mikono nikaipa kazi. Bi Dalal alikuwa amenipa mtihani wa kitambaa cha kufunikia jagi: mnyororo wa ishirini, na juu yake mistari ya mafundo mafupi, ishirini kila mstari, mpaka kiwe mraba. Jumatano ya tarehe kumi na nne nilikitandaza juu ya kizingiti cha dirisha akione.

Alikitazama kwa miwani ya karibu, halafu kwa miwani ya mbali.

"Umefuma sambusa," alisema.

Kweli ilikuwa sambusa. Chini pana, juu imechongoka.

"Ulianza na mafundo ishirini. Hapo juu yako mangapi?"

"Manne."

"Kumi na sita yamekwenda wapi?"

"Sijui, Bi Dalal. Nnafuma mpaka mstari uishe, kisha nnageuza."

"Ukishageuza, unaanzia wapi?"

"Kwenye fundo la kwanza."

"Lipi la kwanza? Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hilo la pili, mwanangu." Alijiinua kidogo kwenye kiti, magoti yakalia, akanyoosha sindano yake ng'ambo ya kichochoro mpaka karibu na uzi wangu. "Ukigeuza, pale pale uliposimama, chini ya sindano yako, pana fundo. Hulioni kwa kuwa umelikanyaga. Unaliruka, unalikamata la mbele yake, unaliita la kwanza. Kila mstari unapoteza moja. Lile ulilosimama juu yake nalo ni moja! Hesabu kuanzia pale uliposimama."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, chini ya dirisha. Nilimsikia akiniita, "Rukaiya? Rukaiya, nimekuudhi?" nami nairudia hesabu yangu.

Siku aliyoniacha, nilikuwa nimesimama wapi? Nilikuwa ndani ya twahara. Nilikuwa nimefunga, na mwenye hedhi hafungi. Zilibaki siku nne mpaka Jumatatu yangu, na siku zile nne nilikuwa nimeziruka. Nilianza kuhesabu kwenye twahara iliyofuata nikaiita ya kwanza.

Niliichukua simu nikampigia Mwalimu Maisara, aliyenisomesha Kurani chuoni tangu nina miaka saba. Mwalimu Maisara hajibu swali la dini bila ya kitabu mkononi, hata kama jawabu analijua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Rukaiya. Eda yaendaje?"

"Mwalimu, aliniacha nikiwa twahara. Zilibaki siku nne tu nipate hedhi. Siku nne zile zinahesabiwa?"

Nikasikia kurasa zinafunuliwa.

"Kwa madhehebu yetu, twahara uliyoachwa ndani yake ni moja," alisema. "Hata ingebaki saa moja. Ukapata hedhi, ukatwahirika, hiyo ya pili. Ukapata hedhi, ukatwahirika, hiyo ya tatu. Hedhi ya tatu ikiingia, eda ishakwisha. Kwani wewe ulihesabu vipi? Hedhi ya tatu uliiona lini?"

"Jumatatu ya tarehe ishirini na moja. Mfungo Tatu."

"Leo kumi na nne Mfungo Nne." Nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini. "Mwanangu, wewe huna eda. Siku ishirini na tatu sasa umekaa ndani ya nyumba ya mwanamme asiyekuwa mumeo. Alikurejea kabla ya hapo? Alitamka?"

"Hakutamka. Alisema ananiacha niinywe dawa mpaka tone la mwisho."

"Basi imemtokea puani."

Nilidhani nitafurahi. Nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe juu yangu mimi. Siku ishirini na tatu nimekula samaki wake. Ijumaa tatu nimemwitikia "naam" mtu baki, nimemwambia najifunza. Nimekunywa tangawizi ya kutosha harusi nzima, na mlango wa chini ulikuwa haukufungwa.

"Mwenye eda ndiye anayesadikiwa," Mwalimu aliendelea, "lakini huyo nnamjua. Atasema umezua. Atasema siku ile hukuwa twahara. Unaye shahidi?"

Shahidi wa twahara ya mwanamke utampata wapi? Nikawaza, nikawaza, halafu nikaanza kucheka peke yangu pale sakafuni.

"Ninaye, Mwalimu."

"Nani?"

"Zahor."

Ningeweza kuondoka siku ile ile. Jecha nilipompigia alitaka kuja saa hiyo hiyo, na viatu vya shamba mguuni. Nilimwambia aje Ijumaa baada ya sala, angoje chini kichochoroni. Ningetoka kabla, Zahor angesema nimetoroka edani na mtaa ungemwamini yeye. Nilitaka lisemwe mbele ya mashahidi wake mwenyewe, aliowachagua na kuwaleta kwa miguu yao. Nikaifumua sambusa yote mpaka nikabaki na mnyororo wa ishirini, nikaanza upya. Safari hii kila nikigeuza nililitafuta kwa ukucha lile fundo lililoko chini ya sindano, nikalifuma kwanza kabla ya mengine.

Ijumaa nilivaa baibui langu tangu adhuhuri. Nguo zangu zilikuwa ndani ya begi nyuma ya mlango wa chumba. Nilikaa kwenye kiti cha dirishani nikifuma, na ng'ambo ya pili Bi Dalal alikuwa amekaa na mikono yake magotini, hafumi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Nikasikia miguu ya watu watatu ngazini. Zahor aliingia mbele. Nyuma yake Abdulla, rafiki yake wa barazani, na nyuma ya Abdulla Mzee Pandu, fundi wa kanzu wa Mkunazini, anayesomesha vitabu msikitini baada ya magharibi. Nadhani Zahor alimchagua kwa ndevu zake.

"Ushajifunza?" Zahor aliniuliza, kabla hata ya salamu.

"Nshajifunza."

Akawageukia wenzake, uso umemnawiri. Nikafuma fundo jingine. Kama nimekosea hesabu, au kama yeye safari hii hatazungumza sana, basi nimekwisha.

"Shikamoo, Mzee Pandu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla hajasema alilokuja kusema, nakuomba mwulize aliniacha kwa sababu gani. Shahidi si ajue anashuhudia nini?"

Zahor hakungoja kuulizwa. Alikaa vizuri kwenye kochi.

"Chumvi!" alisema. "Mzee, mchuzi ule ungemwagia mgomba ungekauka. Nimetia tonge, ulimi umekufa. Namwuliza, hukuonja? Ananambia hakuonja, kafunga! Ati sita zake! Mfungo Mosi umebaki siku tisa kwisha, yeye ndo kwanza anahangaika na sita. Nimekaa njaa kutwa dukani nije nile bahari?"

Abdulla alicheka. Mzee Pandu hakucheka.

"Alikuwa kafunga?" aliuliza.

"Kafunga kutwa mpaka adhana. Tende kala mbele ya macho yangu. Mwulize mwenyewe."

"Sina haja ya kumwuliza, ushasema wewe." Mzee aliinamisha macho, kwa heshima, akaitazama sakafu alipokuwa akisema nami. "Mwanangu, unisamehe. Tangu siku hiyo umepata hedhi ngapi?"

"Tatu. Ya tatu iliingia Jumatatu, tarehe ishirini na moja Mfungo Tatu."

Alihesabu kwa vidole, midomo inakwenda. Nilikitazama kidole gumba chake. Alikikunja kwa ajili ya siku ya chumvi, kwanza kabisa, bila ya kufikiri mara mbili.

"Zahor. Ulimrejea kabla ya tarehe hiyo? Kwa neno?"

"Mie nnamrejea leo! Miezi mitatu inatimia Jumanne, bado siku nne!"

"Miezi mitatu ni ya wanawake waliokoma hedhi," Mzee Pandu alisema. "Huyu hajakoma. Huyu ulimwacha yu twahara, umesema mwenyewe, na hiyo ikawa moja. Eda yake imekwisha siku ishirini na tano leo."

Abdulla aliacha kucheka. Zahor alisimama, akanitazama, na nikaona anachotaka kukifanya kabla hajakifanya.

"Nimekurejea!" alipiga kelele. "Nimekurejea, Rukaiya! Mmesikia nyote? Nimekurejea!"

Hilo ndilo neno nililoliogopa miezi mitatu. Lilinifanya niamke na jasho, lilininywesha tangawizi. Nililingoja linifike. Jikoni friji lilinguruma, likanyamaza, na hapakutokea kitu.

"Unasema na mwanamke wa watu," Mzee Pandu alimwambia taratibu. "Ukimtaka, nenda kwao ukapose."

"Asijisumbue," nilisema. "Kizimbani mbali, na jawabu ninalo hapa. Sitaki."

Niliukata uzi kwa meno, nikapitisha ncha yake ndani ya kitanzi cha mwisho, nikavuta mpaka kikafunga. Kitambaa kilikuwa bado kifupi kwa jagi lakini kingo zake mbili zilikwenda sawa. Nikakiacha juu ya meza ya Zahor, karibu na kidau cha chumvi.

"Rukaiya!" Bi Dalal aliita kutoka ng'ambo. Alikuwa amesikia kila kitu. "Sindano yangu!"

"Nnaileta."

"Nirushie!"

"Nnakuja nayo mwenyewe, Bi Dalal. Kwa mlango."

Nikachukua begi langu. Zahor alikuwa amekaa tena kwenye kochi, anahesabu vidole vyake, anavikunja na kuvikunjua. Nilipofika juu ya ngazi nikasimama. Chini kabisa niliuona mwanga wa kichochoro, na viatu vya shamba vya Jecha vimesimama mlangoni. Nilishika ukuta nikashuka polepole, ninahesabu kwa sauti, kuanzia kidato kile kile nilichosimama juu yake. Miaka yote sita ya nyumba ile nilisema ni vidato ishirini. Ni ishirini na kimoja.